Makaisari Walioachia Kiti: Kutoka Split hadi Doorn

Jumamosi, Split, Kroatia

Kasri la Diocletian, kaisari wa Roma ya kale, halina geti la tiketi. Unatoka barabara ya pwani inayoitwa Riva, unapenya kati ya maduka ya kofia na aiskrimu, unaingia mlango mdogo wa mawe, na tayari umo nyumbani kwa kaisari. Juu ya vichwa vyetu ilipita kamba ya nguo yenye mashuka mawili na jezi ya Hajduk, timu ya mpira ya hapa. Watu wanaishi humu tangu karne ya 7, pale wakimbizi wa Salona, mji jirani uliokuwa umevamiwa na Waavari na Waslavi, walipojificha nyuma ya kuta hizi na wasirudi tena kwao.

Mwenzangu wa safari ni mtu wa Marangu, kwa hiyo humu namwita Mangi. Yeye ananiita Mnyalu, maana kwetu ni Iringa. Safari ni yake nusu, yangu nusu. Yeye alitaka kufika Potsdam kuona jiwe. Mimi nilitaka kuona mahali ambapo makaisari wa Ulaya waliachia kiti, kwa hiari au kwa kusukumwa. Jinsi walivyokipata inajulikana: vita, ndoa, urithi, sumu. Kwangu utamu uko kwenye kushuka.

Nilianza na Diocletian kwa sababu yeye aling'atuka kweli. Alizaliwa jirani na hapa kwenye familia isiyo na jina, akapanda vyeo jeshini, na mwaka 284 askari wakamtangaza kaisari. Roma ilikuwa imechoka. Katika miaka hamsini iliyotangulia watu zaidi ya ishirini walikalia kiti hicho na wengi wao waliuawa. Yeye aliona himaya ni kubwa mno kwa mtu mmoja, akagawana madaraka na wenzake watatu. Mwaka 301 akatoa amri ya bei iliyogusa bidhaa na huduma zaidi ya elfu moja, kuanzia mayai mpaka ujira wa kinyozi, kila kimoja na kikomo chake, na adhabu ya kifo kwa atakayekaidi. Simba wa Afrika wa daraja la kwanza alipangiwa dinari 150,000.

"Bei elekezi hiyo," akasema Mangi, ambaye kwao wana duka. Hakuhitaji kusimuliwa kilichofuata: bidhaa zikaadimika sokoni na amri ikafa taratibu.

Tarehe 1 Mei 305, nje ya mji wa Nicomedia, Uturuki ya leo, alisimama mbele ya askari wake, akavua joho la zambarau, akamvika kijana aliyepandishwa cheo siku hiyo, kisha akapanda gari la farasi kuelekea huku kwao. Hakukuwa na uasi mlangoni. Alikuwa ameugua mwaka mzima na alikuwa amechoka. Miaka mitatu baadaye wakubwa walimfuata kumsihi arudi, na inasimuliwa kwamba aliwajibu hivi: mngeona kabichi nilizopanda kwa mikono yangu Salona, msingeniomba jambo hilo.

Mtu aliyekulia Tanzania hawezi kusikia hadithi hiyo asiikumbuke Butiama, kijiji alichorudi Mwalimu Nyerere alipong'atuka. Lakini tulipozunguka kuta kwa nje nilipunguza kasi ya kulinganisha. Nyumba hii ya kustaafia ni kama mita 215 kwa 180, ina minara ya ulinzi, na nusu yake ilikuwa ya askari na watumishi. Kabichi zilikuwapo, sawa, na mapanga yaliyozilinda yalikuwapo pia.

Jumapili, Split

Tumeshuka kwenye vyumba vya chini. Vimekaa vizuri kuliko kitu chochote kilicho juu, na vilihifadhiwa na takataka. Kwa karne nyingi wakazi walitoboa sakafu zao wakamwaga uchafu huko chini, mpaka vyumba vikajaa hadi darini. Vilipokuja kuchimbuliwa karne ya 20, kuta zilikuwa karibu nzima. Kwa kuwa vyumba vya juu vilijengwa kwa kufuata ramani ileile ya chini, leo wataalamu wanajua kaisari alilia wapi chakula, ingawa chumba chenyewe hakipo.

Uwanjani juu amekaa sfinksi wa jiwe jeusi, aliyeletwa kutoka Misri, mwenye umri unaozidi miaka 3,000. Nyuma yake ni jengo la pembe nane ambalo Diocletian alijijengea kama kaburi lake. Leo ni kanisa kuu la mji, na somo wake ni Mtakatifu Domnius, askofu wa Salona aliyeuawa mwaka 304 katika mateso ya Wakristo ambayo Diocletian mwenyewe aliyaamuru. Jeneza la kaisari halijulikani lilikoenda. Askofu ana altare yake. Ukiinua macho kwenye ukanda wa nakshi chini ya kuba utaona sura mbili ndani ya viduara, inasemekana ni yeye na mkewe Prisca, wakitazama chini kwenye misa ya mtu waliyemuua. Tulikuta misa ya saa tano inakwisha, na mama mmoja akatuonyesha kwa kidole ile sura ya kaisari bila hata kuulizwa. Nadhani ni furaha ya mji mzima.

Kilichoniuma zaidi ni habari za bintiye, Valeria. Baba akiwa ameshaachia kiti, Valeria alifiwa na mumewe, naye alikuwa kaisari, kisha akakataa kuolewa na Maximinus Daia, yule yule aliyevikwa joho siku ya kung'atuka. Daia akamnyang'anya mali na kumfukuza pamoja na mama yake. Mzee aliandika barua na kutuma wajumbe kumwombea mtoto wake. Hakusikilizwa. Alikufa wao wakiwa bado uhamishoni, na baadaye wote wawili walikatwa vichwa Thesalonike. Hadithi ya kabichi huwa inaishia mapema mno.

Usiku basi la kwenda Vienna. Kiyoyozi kilidondosha maji kwenye kiti changu tangu mpakani. Mangi alilala kama mtoto.

Jumatatu, Vienna

Tulifika tumevimba macho, tukanywa kahawa, tukaenda moja kwa moja Hofburg, kasri la makaisari, kwenye chumba cha hazina. Taji la Milki Takatifu ya Roma, ambayo licha ya jina ilikuwa hasa ya nchi za Wajerumani, ni la karne ya 10, na picha zake hazimwandai mtu kwa namna lilivyo karibu. Ni mabamba manane ya dhahabu yaliyoungwa, kwa hiyo si duara, lina pembe. Vito havikukatwa kama vya siku hizi. Vimesuguliwa tu vikabaki na umbo la kokoto za mtoni, na nyuma yake dhahabu imetobolewa ili mwanga upite. Kwenye bamba moja yupo Kristo kati ya malaika wawili, na maneno ya Mithali: kwa msaada wangu wafalme humiliki. Kwenye jingine yupo mfalme Hezekia akiongezewa miaka na nabii Isaya. Nilisimama hapo mpaka mlinzi akaanza kunitazama.

Aliyelivua kwa mara ya mwisho ni Franz II, tarehe 6 Agosti 1806. Tangazo lilisomwa kutoka roshani ya kanisa moja la katikati ya mji. Napoleon alikuwa amekwisha kuwavuta watawala wengi wa Ujerumani upande wake, na Franz aliogopa kwamba taji lenyewe lingefuata. Akaona heri kuifuta milki yote kuliko kuiacha iangukie kichwa cha Mfaransa. Hata hivyo hakulala njaa: tangu 1804 alikuwa amejitangaza pia kaisari wa Austria, kwa hiyo alivua kofia moja huku nyingine ikiwa tayari kichwani. Na mwaka 1810 akamwoza Napoleon binti yake, Marie Louise.

Nje, uani, sanamu yake kubwa imeandikwa kwa Kilatini maneno kutoka wasia wake: upendo wangu kwa watu wangu. Nimeyaandika hapa kwa sababu ya kesho.

Jumanne, Vienna

Makaisari wa Habsburg, ukoo uliotawala Austria, wamelazwa chini ya kanisa la Wakapuchini, ndugu wa shirika lile lile tulilolizoea Dar es Salaam. Unalipa juu, unashuka ngazi, unakuta chuma na shaba kila upande: makaisari 12, malkia na wake wa makaisari 18, na jamaa zao wengi. Jeneza la Maria Theresa na mumewe Franz Stephan ni kubwa kama chumba, na juu yake wenyewe wamechongwa wameinuka nusu, wakitazamana kana kwamba mmoja amemwamsha mwenzake. Mbele yake pana sanduku la kawaida lisilo na hata ua moja, la mtoto wao Joseph II, ambaye hakupenda makuu.

Kwa Franz Joseph kuna foleni. Alitawala miaka 68, tangu Desemba 1848 hadi Novemba 1916, akamzika karibu kila mtu: mdogo wake Maximilian aliyepigwa risasi Mexico mwaka 1867, mwanawe Rudolf aliyejiua Mayerling mwaka 1889, mkewe Elisabeth aliyechomwa kitu chenye ncha Geneva mwaka 1898. Wageni wengi huleta maua kwa Elisabeth. Mrithi wa Franz Joseph, Karl, hayupo humu; ana sanamu ya kichwa tu. Tarehe 11 Novemba 1918, kwenye kasri la Schönbrunn, alitia sahihi karatasi inayosema amejiondoa kwenye shughuli za dola, kwa maneno yaliyokwepa kwa uangalifu kusema kwamba ameacha ukaisari. Akafa uhamishoni Madeira mwaka 1922, akiwa na miaka 34, na huko ndiko alikozikwa.

Mimi nilikaa zaidi kwenye chumba cha Franz II. Yuko katikati, na wake zake wanne, aliowaoa mmoja baada ya mwingine kufariki, wamemzunguka pembeni. Ilikuwa desturi ya ukoo huu kugawa mwili: mioyo ya wengi iko kwenye vyombo vya fedha katika kanisa la Waagustino, matumbo yako chini ya kanisa kuu la Mtakatifu Stefano. Wenyewe waliiona ni heshima.

Sasa Angelo Soliman. Alizaliwa Afrika Magharibi karibu 1721, akachukuliwa utumwani akiwa mtoto, akafikishwa Sicilia, kisha Vienna. Alisema lugha kadhaa, alicheza sataranji kwa sifa, aliwalea kimasomo watoto wa wakuu, na alikuwa mwanachama wa lodji ya Wamasoni mjini. Alioa, akapata binti, Josephine. Alipofariki Novemba 1796, maiti yake ilichukuliwa kwa ajili ya mkusanyo wa kaisari wa vitu vya asili. Ngozi ikavishwa juu ya umbo la mbao, ikapambwa kwa manyoya ya ndege na shanga za kombe, ikasimamishwa pamoja na wanyama waliokaushwa ndani ya Hofburg hii hii. Mtu aliyekuwa akivaa vizuri kuliko mabwana wengi akawekwa pale kama kiumbe wa porini. Josephine aliomba arudishiwe baba yake azikwe. Kanisa nalo likaomba. Kaisari wakati huo alikuwa huyu aliyelala mbele yangu, mwenye upendo kwa watu wake. Mwili haukurudishwa. Ulikaa hapo mpaka Oktoba 1848, ulipoungua jeshi la kaisari lilipoupiga mji mizinga kuzima mapinduzi.

Mwezi mmoja na kitu baadaye, mwana wa Franz, Ferdinand, aliyedhoofu kiafya, aliachishwa kiti ili mpwa wake Franz Joseph apande. Mangi hakusema neno mpaka tulipofika barabarani. Akauliza tu kama kuna mahali pa kupata supu.

Jumatano, njiani

Treni ya mchana kupitia Prague hadi Berlin. Mto, vilima, mto tena. Huko Prague ndiko Ferdinand alikomalizia uzee wake, miaka 27 baada ya kiti, na fedha zake zilistawi kuliko alipokuwa madarakani. Hatukushuka.

Alhamisi, Potsdam

Leo ni siku ya Mangi. Kutoka stesheni ndogo ya Park Sanssouci unatembea dakika chache tu mpaka Neues Palais, kasri alilojenga mfalme Friedrich II wa Prussia, aitwaye Friedrich Mkuu, baada ya vita vya miaka saba, kwa kiasi kikubwa ili kuonyesha kwamba bado ana pesa. Mwaka 1888 Ujerumani ilipata makaisari watatu: Wilhelm I alifariki Machi, mwanawe Friedrich III akatawala siku 99 akiwa na kansa ya koo na kufia katika jengo hili, kisha Wilhelm II akapanda akiwa na miaka 29. Hapa ndipo palikuwa nyumbani kwake alikopapenda.

Ukumbi wa Mapango una kuta zilizojazwa makombe, madini, matumbawe na visukuku, vimepangwa mistari mpaka darini. Mhudumu alituelekeza, na kati ya mawe yanayong'aa tukaona moja jeusi lisilo na mvuto wowote. Oktoba 1889 Hans Meyer wa Leipzig alifika kileleni Kibo pamoja na Ludwig Purtscheller, akakiita kilele hicho kwa jina la Kaisari Wilhelm, akachukua jiwe la juu kabisa na kumletea bwana wake kama zawadi. Desemba mwaka ule ule, kule Pangani, Wajerumani walimnyonga Abushiri. Kaisari hakuwahi kukanyaga Kilimanjaro wala pwani yetu. Alipewa ncha ya mlima akaiweka ukutani.

"Ndiyo hili?" Mangi akauliza kwa Kiswahili, mhudumu asijue. Ikabidi nimwambie nilichokuwa nimesoma: jiwe la awali lilipotea, na wataalamu walipolichunguza lile lililokuwa mahali pake waligundua si la Kilimanjaro hata kidogo. Hili la sasa ni mbadala wa mbadala.

Alicheka mpaka watu wakageuka. "Basi wameibiwa walichoiba."

Bustanini kuna jengo la duara mfano wa hekalu, alimozikwa Auguste Viktoria, mke wa Wilhelm. Alifia Uholanzi Aprili 1921. Treni ikaleta jeneza mpaka hapa na maelfu kwa maelfu ya watu wakajipanga. Mume hakuruhusiwa kuvuka mpaka kumzika.

Ijumaa, Aachen

Karolo Mkuu (Charlemagne), kaisari aliyekuwa na makao yake hapa, hakuachia kiti. Alikifia Januari 814, kwa hiyo katika safari hii ni mgeni mwalikwa. Lakini huwezi kupita Köln ukaacha kuja. Kiti chake kimewekwa ghorofani, ni mabamba ya marumaru yaliyounganishwa kwa vishikizo vya shaba, hakina dhahabu wala mto. Ubavuni pamekwaruzwa mistari ya mchezo wa kete. Inaonekana jiwe lilikuwa sakafu mahali fulani kabla, na watu wakalichezea. Wafalme zaidi ya 30 wa Ujerumani walitawazwa hapa kati ya 936 na 1531.

Mangi alimpenda kwa sababu ya tembo. Khalifa Harun al-Rashid wa Baghdad alimpelekea zawadi ya tembo aitwaye Abul-Abbas, aliyefika mwaka 802 na kuishi naye mpaka 810. Na mimi nilimpenda kwa sababu ya mbao: aliyeandika maisha yake, Einhard, anasema aliweka vibao vya kuandikia chini ya mto wa kulalia, akiamka usiku anajifunza herufi, na kwamba alikuwa amechelewa kuanza, hakufika mbali.

Jumamosi, Doorn

Uholanzi, mvua nyepesi. Kutoka stesheni ya Driebergen-Zeist kuna basi hadi kijijini. Huis Doorn ni nyumba kubwa ya shamba yenye mfereji wa maji kuizunguka, na kwa mtu aliyetoka Potsdam juzi inaonekana kama banda la mlinzi.

Wilhelm II alivuka mpaka tarehe 10 Novemba 1918, jeshi lake likiwa limemkana. Alipokelewa Amerongen kwa mwenyeji wake kabaila, na jambo la kwanza aliloomba ni kikombe cha chai kali ya Kiingereza. Karatasi ya kuacha kiti aliitia sahihi siku kumi na nane baadaye, akiwa tayari mgeni wa watu. Kisha akanunua nyumba hii, na serikali mpya ya Ujerumani ikamruhusu kuletewa vitu vyake: mabehewa 59. Ndiyo maana ndani huwezi kugeuka bila kuona picha, saa au kijaluba cha tumbaku cha Friedrich Mkuu.

Mezani kwake kiti cha kuandikia ni tandiko la farasi lililofungwa kwenye mguu. Na kwenye chumba cha kulia ipo uma yake: upande mmoja imenolewa makali, iwe uma na kisu kwa pamoja, kwa sababu mkono wake wa kushoto ulipata hitilafu siku ya kuzaliwa na haukukua. Maisha yake yote aliuficha, mfukoni, kwenye upanga, nyuma ya kofia. Nilijikuta nikimwonea huruma mbele ya uma, jambo ambalo sikulitarajia. Nje alipasua kuni kila siku kwa miaka, na mbwa wake wana makaburi yenye majina.

Sasa, la Iringa. Mkataba wa Versailles wa 1919 una ibara ya 227 inayotaka Wilhelm ashtakiwe. Una pia ibara ya 246, inayoitaka Ujerumani irudishe Msahafu wa Khalifa Uthman, ambao ilisemekana Waturuki walimzawadia kaisari, na fuvu la Sultani Mkwawa lililochukuliwa Afrika Mashariki, kwa muda wa miezi sita. Karatasi moja, kaisari na mtwa wetu, yaani mtawala wa Wahehe. Mkwawa aliwashinda Wajerumani Lugalo mwaka 1891, na mwaka 1898 alijipiga risasi kuliko kushikwa. Hakuachia kiti hata kidogo. Kuhusu kaisari, Waholanzi walikataa kumtoa, na akafia humu tarehe 4 Juni 1941, miaka 82, nchi ikiwa chini ya jeshi la Hitler. Wasia wake ulikataza alama za swastika mazikoni. Zililetwa hata hivyo. Yumo kwenye kaburi la matofali bustanini, kwa sharti lake kwamba asirudishwe Ujerumani mpaka ufalme urudi.

Miezi sita ya fuvu ikawa miaka 35. Gavana Twining wa Tanganyika alilikuta kwenye makumbusho ya Bremen kati ya mafuvu mengi, akalichagua kwa kulinganisha vipimo na vichwa vya jamaa zake Mkwawa, na mwaka 1954 likarudi Kalenga, ambako lipo mpaka leo kwenye kioo.

"Kwa vipimo tu?" Mangi akauliza.

"Kwa vipimo. Wapo wanaotilia shaka."

"Mnyalu, sasa lenu nalo si ni kama jiwe letu?"

Utani wa namna hiyo unaruhusiwa kati yetu, ila nilimwonya asiurudie akifika Kalenga. Akasema akienda atabeba na mbuzi kabisa. Basi la saa kumi lilikuwa linakuja.